Siri ya Mtungi na Wajibu wa Kata

Wahenga wametuachia kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aghalabu methali hii hunenwa kwa maana moja tu, kwamba mambo ya ndani huyajua wa ndani. Lakini ina upande wa pili ambao hatuuchungui sana, nao ni huu: kata mwenyewe ana wajibu gani? Yeye huingia na kutoka mtungini kutwa. Ajua kama maji ni tele au yamebaki ya kiganja. Ajua kama chini pana tope. Hakuna kufuli la kumzuia asione, kwa kuwa kazi aliyopewa haifanyiki bila kuona. Basi uaminifu wake, ikiwa anao, umekaa wapi?

Nimependa kulitazama swali hili kwa njia ya historia ndogo inayoelekea kusahaulika: historia ya zile programu za awali zilizoigeuza kompyuta ya mtu binafsi kuwa ubao wa matangazo, ukisomwa na kuandikwa na watu wa mbali kwa waya wa simu. Msomaji ana haki ya kuuliza, mtunga mashairi aliyejisomea mwenyewe, mkazi wa Chang'ombe, ana shughuli gani na mitambo? Jibu langu ni kwamba mfasiri naye ni kata. Riziki yake ni kufungua maneno yasiyoandikwa kwa ajili yake na kuyafikisha kwa wengine. Kwa hiyo kila nisikiapo habari za mikono ambamo maneno ya watu yamepita, hutega sikio.

Habari yenyewe yaanzia Chicago, nchini Marekani. Mwezi wa Januari mwaka 1978 mji huo ulifunikwa na theluji hata watu wakashindwa kutoka majumbani. Ward Christensen na Randy Suess walikuwa wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta, na klabu hiyo, kama klabu nyingi, ilikuwa na ubao ambao wanachama hubandika vikaratasi: fulani anauza kifaa, fulani anatafuta msaada. Wakawaza, kwa nini ubao huo usisomwe kwa simu? Christensen akaandika programu, Suess akaunda mashine, na tarehe 16 Februari 1978 ubao ukafunguliwa.

Kazi yake haikuwa ya miujiza. Kifaa kiitwacho modemu hugeuza herufi kuwa milio, milio ikapita katika waya wa simu, na modemu ya upande wa pili ikairudisha kuwa herufi. Kwa kasi ya vifaa vya wakati ule, herufi 30 hivi zilipita kwa sekunde moja, kwa hiyo ukurasa mmoja wa jarida kama hili ungechukua dakika nzima au zaidi. Laini ya simu ilikuwa moja, na aliyekwisha kuingia aliwafungia wengine wote mpaka atoke, kama ndoo moja kisimani. Hata hivyo, mpaka ubao huo ulipokuja kufungwa, ulikuwa umepokea simu zaidi ya 250,000.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1977, Christensen alikuwa ameandika pia kanuni ya kupitisha mafaili katika waya wenye kelele. Faili hukatwa vipande vya baiti 128, kila kipande hufuatana na jumla yake, na mpokeaji hujibu ama "nimepata" ama "rudia". Ndivyo makarani wa bandarini walivyokuwa wakihesabu magunia: anayeshusha anahesabu, anayepokea anahesabu, na hesabu zisipolingana hakuna anayeondoka. Kanuni hiyo hakuiuza, aliiachia umma. Suess alifariki mwaka 2019 na Christensen mwaka 2024, na mamilioni ya watu waliofaidika na kazi yao hawakupata kuyasikia majina yao.

Sasa tumtazame mwenye ubao. Mashine ilikuwa nyumbani kwake, umeme aliulipa yeye, na laini ya simu ilikuwa yake. Waliopiga waliandika ujumbe wa hadharani, usomwao na kila mtu, na baadaye programu nyingi ziliruhusu pia ujumbe wa faragha, wa mtu kwa mtu. Lakini faragha hiyo ilikuwa ni adabu tu. Maneno yalilala katika diski ya mwenye ubao yakiwa wazi, herufi kwa herufi, na kuyasoma hakukumgharimu zaidi ya kutaka kuyasoma. Penye wengi pana mengi. Naye aliyaona yote, ya mapenzi, ya madeni na ya magomvi.

Mwaka 1984 jambo hili lilipata ukubwa mpya. Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu aliyoiita Fido, akaifundisha kufanya jambo ambalo mbao za kwanza hazikuweza: kupigiana simu zenyewe usiku, gharama ya simu inapokuwa nafuu, na kupokezana barua. Mtu wa mji mmoja aliandika mchana. Usiku wa manane mashine ya mji wake ikaamka, ikaipigia ya jirani, ikaikabidhi mzigo, na ile ya jirani ikaipigia nyingine. Ilitengwa saa maalumu ya usiku ambayo vituo vyote viliacha kupokea wageni ili vipokezane barua. Mtandao huo, FidoNet, ulifikia vituo zaidi ya 30,000 duniani katika miaka ya tisini, na haukuwa na mwenyewe. Kila kituo kilikuwa na mtu, na kila mtu aligharimia chake.

Kwa hiyo barua moja ingeweza kupita katika nyumba tatu, nne au tano za watu ambao mwandishi hakuwajua kabisa, na katika kila nyumba ililala wazi. Je, watu hao waliwekeana sheria gani? Kanuni zao za mwaka 1989, toleo la nne, zilikuwa na msingi wa maneno machache: usiwaudhi wenzio kupita kiasi, wala usiwe mwepesi wa kuudhika. Kuhusu barua, kanuni zilisema kweli bila kupamba. Zilitamka kwamba mtandao ni wa watu wa kujitolea na faragha haiwezi kuahidiwa. Kwamba mwenye kituo ana haki ya kukagua yapitayo kwake. Kwamba barua iliyofichwa kwa mafumbo ya kihesabu isipitishwe bila ruhusa ya wote walio njiani. Na papo hapo zikasema: kuyatoa nje, au kuyatumia kwa namna yoyote, yaliyomo katika barua ya faragha isiyoandikwa nawe wala kuelekezwa kwako, ni maudhi.

Niliposoma kanuni hizo nilisita mahali hapa kwa muda mrefu. Sheria inamruhusu kata kuona, na hata inamnyima mwenye mtungi haki ya kuuziba. Kisha inamkataza kusema. Uzito wote wa mtandao wenye vituo makumi ya maelfu ukawekwa juu ya ulimi wa mtu mmoja mmoja.

Lugha yetu ina jina la uzito huo: amana. Neno hilo limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na imani, na amini, na amani, na kwa hiyo mwaminifu ni ndugu yake. Amana ni kitu cha mwenzio kilichomo mkononi mwako. Si chako, ila uwezo wa kukiharibu ni wako. Ukiondoa uwezo huo, amana haipo tena. Jiwe halisifiwi kwa kutosema siri, na sanduku la chuma halina uaminifu, lina uzito tu. Watu wa visiwani wanalijua hilo kwa urithi, kwani kwa karne nyingi barua baina ya Unguja na Maskati zilikwenda kwa jahazi, zikivuka kwa kusi na kurudi kwa kaskazi katika kifua cha nahodha au cha abiria. Bahasha ilikuwa karatasi, na safari ilikuwa wiki nyingi za bahari bila kazi ya kutosha ya kujishughulisha nayo.

Huku kwetu Afrika Mashariki mtandao huo wa kupokezana haukuwa mchezo wa wapenzi wa mitambo. Ulikuja kwa haja. Ikumbukwe kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa polepole katika miaka ya themanini. Kwa hiyo mashine zilipokuja zilikuwa chache, nazo zilikaa vyuoni, hospitalini na katika mashirika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mradi ulioitwa ESANET, ukiwa na makao Chuo Kikuu cha Nairobi na msaada kutoka Kanada, uliunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya kanda hii, Dar es Salaam ikiwemo. Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Charles Musisi aliendesha kituo cha MUKLA. London, katika shirika la GreenNet, Karen Banks alisimamia lango lililopokea barua za FidoNet kutoka Afrika na kuziingiza katika mitandao mikubwa. Bara la Afrika lenyewe lilipewa namba yake katika mtandao huo: kanda ya tano.

Na hapa Dar es Salaam, Muhimbili palikuwa na kituo cha HealthNet. Mtandao huo ulianzishwa na SatelLife, shirika la Boston lililoasisiwa na Bernard Lown, daktari wa moyo ambaye pamoja na wenzake wa Marekani na Urusi ya Kisovieti walikuwa wameunda jumuiya ya madaktari wa kupinga vita vya nyuklia iliyopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1985. Kwa kuwa simu zetu za wakati ule hazikutegemewa, HealthNet ilitumia setilaiti ndogo zilizoundwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, moja ikirushwa Januari 1990 na nyingine Septemba 1993, kila moja nyepesi kuliko gunia la mahindi. Setilaiti ilizunguka dunia kwa dakika 100 hivi. Ilipopita juu ya upeo wetu, kituo kiliirushia barua kilizokuwa nazo na kupokea zilizokuja. Ikaenda zake, ikazishusha kwingine. Barua zilipangwa na kupokezanwa kwa programu za jamaa ileile ya Fido.

Hebu msomaji atafakari ni barua za namna gani. Mwaka 1992 daktari wa hospitali yetu anamwandikia mwenzake wa ng'ambo kuhusu mgonjwa wake. Huo ni wakati ambapo ukimwi ulitajwa kwa kunong'ona, na nyumba iliyojulikana kuwa nao ilikosa hata mtu wa kuja kuosha vyombo msibani. Jina la mgonjwa halikuandikwa, lakini umri uliandikwa, na kazi, na mtaa labda. Barua hiyo ililala wazi katika mashine ya kituo, ikisubiri setilaiti ipite. Kati ya mgonjwa yule na fedheha palikuwa na mtu mmoja, fundi wa kituo, na kitu pekee kilichomzuia kilikuwa ndani yake mwenyewe.

Nasema hivi kwa kuwa sisi wa Chang'ombe tulikuwa na mtandao wa namna hiyo pasipo umeme. Kwa miaka mingi barua katika nchi yetu haikupelekwa nyumbani kwa mtu. Ilikwenda kwenye sanduku la posta, na aliyekuwa na sanduku lake mwenyewe alikuwa mtu wa kuheshimika. Wengine wote tuliandika S.L.P. ya mwajiri, ya shule, ya kanisa au ya msikiti. Chang'ombe, penye viwanda kandokando ya barabara iliyoitwa ya Pugu na sasa yaitwa ya Nyerere, sanduku moja la kiwanda lilibeba barua za mamia ya watu: za wafanyakazi, za wake zao, za wadogo zao waliokuja mjini kutafuta kazi. Mimi mwenyewe barua zangu za kwanza kutoka kwa wahariri zilipitia sanduku la karakana moja ya useremala kule Keko. Karani wa karakana ile alikuwa akiniambia barua imetoka wapi, kwa kuwa muhuri wa posta uko nje kwa kila mtu. Hakupata kuniuliza imesema nini, hata zile zilizorudi na mashairi yangu ndani, ambazo unene wa bahasha ulikuwa umekwisha kumwambia kila kitu.

Mtu huyo alinilea bila kujua. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimesema nusu ya haki. Maana si makarani wote walikuwa hivyo. Walikuwapo waliofungua barua kwa mvuke wa birika na kuzibandika tena kwa ugali. Mfanyakazi aliyeomba kazi kiwanda kingine aliogopa kutaja sanduku la kiwanda chake, kwa sababu jibu lingepita kwanza mezani kwa yule anayetaka kumkimbia. Binti aliyeandikiana na mchumba asiyekubaliwa alitumia sanduku la baba. Kwa watu hao, kuambiwa kwamba uaminifu bila kufuli ndio uaminifu wa kweli ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba saumu ina thawabu. Saumu ina thawabu kwa aliyenuia.

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, na sitaki kulikwepa. Amana isiyo na kufuli humfanya mlinzi awe mtu mwema, kama atataka. Lakini gharama ya kutotaka kwake hailipi yeye. Hulipwa na yule aliyeweka amana, na mara nyingi huyo ni dhaifu kuliko mlinzi. Je, ni haki kuacha siri ya mgonjwa iwe darasa la kumfundishia fundi uadilifu? Nadhani si haki. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi. Haisemi atapewa hifadhi hiyo akibahatika kupata karani mwema. Kwa hiyo wale waliotengeneza mafumbo ya kihesabu ya kuziba barua, yale ambayo kanuni za 1989 ziliyatazama kwa jicho la wasiwasi, walifanya kazi ya haki. Mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha kuziba ujumbe wa watumiaji wake wote kutoka simu hadi simu. Vituo vya njiani sasa vinabeba mzigo visioweza kuusoma. Kata ametolewa mtungini.

Je, amana nayo imetoka? Hivyo ndivyo wengi wanavyodhani. Tunaambiwa ujumbe wetu ni salama, nasi tunaelewa kwamba jambo limekwisha. Lakini kufuli linalinda njia tu. Linafika mpaka mkononi mwa mpokeaji, hapo linafunguka, kwa maana lisipofunguka barua haina kazi. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alimrekodia shoga yake sauti akimweleza ugonjwa uliompata. Njiani sauti ile ilizibwa vizuri kuliko barua yoyote ya zama za Fido. Ilipofika, ikahamishiwa kundi la kamati ya harusi, kutoka hapo kundi la kikoba, na kabla ya Ijumaa ilikuwa ikisikika mpaka Mtoni. Mama yule akaacha kwenda zahanati ya karibu, akawa anapanda daladala mbili kwenda pasipomjua mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini hakuna aliyeiwaza katika kundi lile, kwa kuwa hakuna aliyejiona kuwa mtunza chochote. Kila mmoja alijiona msikilizaji.

Hili ndilo ambalo historia ya mbao zile imenisaidia kuliona. Zamani, katika kila watu mia waliotumia ubao, mmoja tu alikuwa mwenye ubao, naye alijijua. Alikuwa na cheo kidogo, gharama zake, na kanuni iliyomwambia waziwazi: umepewa kuona, usitoe nje. Leo kila mwenye simu ana uwezo ambao mwenye ubao alikuwa nao, na zaidi, ila hakuna aliyemwambia kwamba amepewa. Tumewagawia watu wote kazi ya kata pasipo kuwagawia wajibu wake. Vijana wa chuo cha ufundi na wa chuo cha ualimu hapa Chang'ombe wanafundishwa namna ya kuweka nywila isiyobahatishwa, na ni vema. Sijasikia wakifundishwa namna ya kukaa na neno la mwenzao mfukoni.

Kanuni ya 1989 ilikuwa na pengo. Iliwakataza walio katikati kutoa yaliyomo, na ikamwachia mwandishi au mpokeaji ruhusa ya kuyatoa pale palipokuwa na shauri rasmi. Ilidhani hatari iko njiani. Sasa njia imezibwa na hatari imehamia mwishoni, kwa mpokeaji, yule ambaye kanuni ilimwamini bila kumhoji. Pengo hilo hesabu haiwezi kuliziba, kwa kuwa hakuna fumbo litakalomruhusu rafiki kusoma na kumkataza kusimulia. Basi tuongeze ibara sisi wenyewe, kila mtu kwa simu yake. Kabla kidole hakijagusa alama ya kusambaza, ajiulize maswali mawili: aliyesema maneno haya ameyaachia? Na kama hajayaachia, je, yuko mtu atakayedhurika nikinyamaza? Jibu la yote mawili likiwa hapana, maneno hayo ni amana, na mahali pake ni pale yalipofika.